Chombo Kirudi

Kila siku, baada ya sala ya alfajiri na kabla hajasema neno na mtu yeyote, Bi Sundus huchukua kikombe cha bati na kuanza kuwabadilishia samaki maji. Huchota kikombe kimoja cha maji ya jana katika kila chombo, akakimwaga kwenye ndoo ya kudekia, kisha hutia kikombe kimoja cha maji yaliyolala. Hayo ni maji ya mfereji ambayo ameyaacha wazi kwenye sufuria pana tangu jioni, mpaka ile dawa wanayotia watu wa maji imepaa na kwisha. Akipita huhesabu. Moja ni dumu la mafuta ya kupikia lililokatwa ubavu. Mbili ni chupa ya achari. Tatu ni kioo cha taa ya dari, kimepinduliwa na kuketishwa juu ya kata ya kitambaa kama mtungi. Nne ni jagi la umeme lililoungua kitako. Huendelea hivyo kando ya ukuta wa ukumbi, juu ya kabati, chini ya dirisha, akapitia droo ya friji na sinki lililozibwa tundu, hadi kumi na moja. Katika kila chombo kuna samaki mmoja wa dhahabu, naye huja juu na kufungua mdomo.

Mwisho hufika kwenye beseni la bluu, lile alilomwogeshea mwanawe alipokuwa mchanga. Huchota kikombe, hutia kikombe, hudondosha punje tatu za chakula.

"Kumi na mbili," husema.

Ndani ya beseni la bluu hamna samaki.

Kinsi, mke wa mwanawe, ameisikia hesabu hiyo kila alfajiri kwa karibu miaka mitano, akiwa chumba cha pili, mlango ukiwa umefunguka kidogo. Amemuuliza mama mkwe wake maswali mengi katika miaka hiyo: chumvi iko wapi, dawa ya presha umemeza, nani amepita. Hilo moja hakuwahi kuliuliza. Kila akitaka, ulimi ulikuwa mzito kama umefungiwa jiwe.

Bi Sundus alizaliwa katika nyumba hiyo hiyo, Bondeni, Nakuru. Ni nyumba ya mabati yenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, na mpera uani. Baba yake, mzee Zayed, alipanda treni Mombasa akiwa mpishi wa watu wa reli, akashuka Nakuru kwa sababu ya homa, akalala wiki mbili kwa wenyeji wema, akasahau kupanda tena. Ndivyo inavyosimuliwa na wenyewe. Sundus akakulia hapo, meno yake yakashika rangi ya chai kama ya wengi waliokunywa maji ya mji huu utotoni, akaolewa na dereva wa lori, akazaa mtoto mmoja, akafiwa na mume mtoto akiwa na miaka sita. Tangu hapo aliishi kwa mahamri. Hata sasa, karibu na sabini, karai lake huwa motoni saa kumi na mbili, na wanaokwenda kazini mjini hupita mlangoni kuchukua mahamri na mbaazi bila hata kuuliza kama yapo.

Samaki hawakuwa wake. Walikuwa wa Musab.

Musab alikuwa fundi stima. Wawili wa kwanza aliwaleta kutoka maonyesho ya kilimo ndani ya mfuko wa nailoni, akawatia kwenye jagi la mama yake la sharubati, akasema ni la siku moja tu. Jagi halikurudi kabatini. Baada ya hapo, kila nyumba aliyoivutia waya alitoka na kitu: taa iliyoshushwa darini, friji iliyokufa, sinki lililong'olewa. Watu wengine wanaona takataka, yeye aliona mahali pa samaki kulala. Jirani yao, Bi Jannat, ambaye hana siku anayokosa la kusema, alikuwa akifika na kusimama mlangoni kwanza achungulie.

"Nyumba hii mtu haombi maji ya kunywa," alikuwa akisema. "Utaletewa glasi ina mkia."

Wiki ya kwanza ya ndoa yake, Kinsi alikuta sufuria pana ya maji imekaa wazi jikoni, akadhani imesahauliwa. Akayapikia wali. Kisha, kwa kuwa bibi harusi hataki kuonekana mvivu, akawabadilishia samaki maji yote kwa mfereji. Kufikia adhuhuri watatu walikuwa wamegeuka tumbo juu. Alilia kama aliyeua watu. Musab alirudi, akawatazama samaki, akamtazama yeye, akasema tu kwamba hawa wameogeshwa kwa dawa, na kwamba maji nayo kama mtu, yanataka kulala kwanza ndipo yafae kwa kazi. Bi Sundus aliwazika wale watatu chini ya mpera, na tangu siku hiyo kikombe cha bati kikawa chake peke yake.

Ugomvi wa mama na mwana ulikuwa vyombo. Musab alipenda kugawa samaki. Rafiki akipata mtoto, samaki. Mtoto wa rafiki akiugua, samaki. Na kila samaki alitoka na chombo cha jikoni. Sasa, kwa watu wa Bondeni chombo cha mtu kina heshima yake. Sahani ikija kwako na mahamri, hairudi tupu. Utatia hata kiganja cha sukari, hata ndimu mbili. Vyombo vya Musab havikurudi vitupu wala vimejaa. Havikurudi. Mwishowe Bi Sundus akamlazimisha kuandika kwenye kila kifuniko kwa kalamu nene nyeusi: CHOMBO KIRUDI. Musab aliandika kwa herufi kubwa, akicheka, na akaendelea kugawa.

Wa mwisho aliyemgawa alikuwa wa kumi na mbili, yule wa beseni la bluu, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye pezi. Alimpelekea Linah, binti mdogo wa rafiki yake Makokha, mwashi aliyekuwa akifanya naye kazi, aliyekuwa amejenga Mwariki, upande wa ziwani. Alimpeleka ndani ya ndoo nyeupe ya lita nne ambayo mama yake alikuwa akihifadhia sukari.

Ulikuwa ule mwaka wa barakoa, na ulikuwa mwaka ambao ziwa lilipanda. Lilipanda polepole, bila kelele, kama mgeni asiyebisha hodi. Leo liko kwenye ua wa mbuga, wiki ijayo ua wenyewe umezama na viboko wanakula mboga za watu. Siku maji yalipoingia chumbani kwa Makokha, Musab aliamka mapema kwenda kumsaidia kuhamisha vitu. Kinsi alikuwa ukumbini akimfungia chai kwenye chupa. Alimwona akivaa buti, na alimsikia Bi Sundus akiita kutoka jikoni, mikono ikiwa kwenye unga:

"Wiki ya tatu sukari yangu iko kwenye karatasi. Usirudi hapa bila chombo changu."

"Nimesikia mama," Musab alijibu, na akatoka.

Hakurudi. Makokha alifika usiku ule, miguu ikiwa na matope hadi mapajani, akasema kwamba waligawana mizigo, giza likaingia, akamtafuta akamkosa. Hakusema zaidi. Watu walimtafuta Musab siku tisa. Waliingia na mbao zilizofungwa kwenye mapipa, wakapita juu ya vilele vya migunga iliyozama, wakaona mapaa, wakaona flamingo mmoja mfu, hawakumwona mtu. Hapakuwa na wa kuosha, hapakuwa na wa kuvisha sanda. Siku ya kumi imamu wa msikitini alikuja na wazee wawili, akaeleza kwa upole kwamba iko sala ya anayekufa mbali, mwili usipopatikana.

"Anayesaliwa ni maiti," Bi Sundus aliwaambia. "Mwanangu ametoka."

Neno hilo lilikuwa la kawaida sana mdomoni mwake. Mafundi na wateja walikuwa wakija mlangoni miaka yote: Musab yuko? Ametoka. Wiki ile ya kwanza watu waliona ni uchungu. Mwezi wa pili waliona ni subira. Mwaka wa tatu, mteja wa zamani kutoka Mau Narok, asiyejua lolote, alifika kuulizia fundi wa kumwekea taa, na Kinsi alikuwa ukumbini akisikiliza Bi Sundus akimjibu kwa sauti ile ile, bila kutikisika, kwamba ametoka, kama una ujumbe uache. Yule mtu akaacha ujumbe. Bi Sundus akauandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya beseni la bluu.

Samaki wakifa, kwa sababu samaki hufa, wiki haiishi kabla hajaenda mjini kwa muuzaji na kurudi na mwingine kwenye mfuko. Kumi na mmoja hawapungui. Lakini katika beseni la bluu hajatia mwingine hata siku moja. Yule ana mahali pake, na mahali pake pana maji.

Kinsi alikuwa akijitahidi asibaki peke yake na beseni hilo. Mchana, jua likiingia dirishani, kila chombo hutupa baka la nuru kwenye mabati, na mabaka hayo hutetemeka samaki wanapogeuka. Alikuwa akilala kitandani siku za Jumapili akiyahesabu kupitia mlango. Kumi na moja yalitetemeka. La kumi na mbili lilikaa kimya, pana, na kwa kuwa lilikaa kimya macho yake yalirudi hapo kila mara. Kisha siku moja, Bi Sundus akiwa msibani kwa jirani, akasikia chubwi. Sauti ndogo, ya kitu kilichokuja juu na kurudi chini. Alipotoka ukumbini wale kumi na mmoja walikuwa wametulia, na kwenye beseni la bluu kulikuwa na duara moja likipanuka kuelekea ukingoni. Punje tatu za chakula alizoziona asubuhi zikielea hazikuwapo.

Alijiambia ni lori lililopita barabarani na kutikisa nyumba, na kwamba punje zikilowa huzama. Huenda ndivyo. Lakini tangu siku hiyo alianza kuoga kwa sabuni ya maji tu, kwa sababu ile nyingine iliyokuwa bafuni ilikuwa ya Musab, na ilikuwa imepungua kuliko Musab alivyoiacha.

Hakukaa eda. Eda ya nani? Mjane huhesabu miezi minne na siku kumi, akamlilia mumewe mpaka zitimie, kisha akavua nguo za eda. Kinsi hakuwa na siku ya kuanzia kuhesabu. Alikwenda kazini, kwenye duka la sare za shule mjini, akishona kola na mifuko kutwa nzima, na wenzake hawakujua wamwite nani. Si mke, si mjane. Alikuwa na miaka ishirini na tano ziwa lilipopanda; sasa ana karibu thelathini.

Mwaka huu Gelle akaja. Gelle ni muuza vipuri vya magari, aliyefiwa na mke, ana mabinti wawili, na ni mtu wa maneno machache kiasi kwamba alikuja dukani mara nne kununua sare ndipo Kinsi akagundua kwamba mabinti walikuwa na sare tayari. Alimtuma shangazi yake kwa watu wa Kinsi. Walimpenda. Kinsi naye, akiwa mbele ya cherehani, alishtuka kujikuta akitabasamu na sindano.

Akaenda kwa kadhi. Kadhi alimsikiliza vizuri. Alisema muda wa kumngojea aliyepotea ulikuwa umepita, na kwamba angeweza kutoa hukumu aanze eda yake. Kitu kimoja kilimzuia. Mji wote ulijua kwamba mama wa mtu huyo, mwanamke mwenye akili zake na dini yake, anasema mwanawe yu hai. Hakutaka kuandika kifo cha mtu dhidi ya neno la mama yake.

"Njoo naye Alhamisi," alimwambia. "Aseme tu anachokijua. Akisema ametoka, basi tutangoja tena."

Kinsi alilipeleka neno hilo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Alingoja mahamri ya kesho yaumuke, akangoja taarifa ya habari iishe, akasema. Alitaja jina la Gelle akitazama sakafu. Bi Sundus alikuwa akichambua mbaazi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Kinsi.

"Sikukatazi, mwanangu," alisema. "Wewe bado mtoto, na huyo kijana wa vipuri nimesikia ni mtu mwema. Nitakwenda Alhamisi. Lakini nikiulizwa, uongo sisemi. Mumeo ametoka."

Bi Jannat, aliyekuwa amekaa pale kana kwamba alizaliwa na kile kiti, alijaribu kusaidia. Akasema kutoka gani huko kwa miaka mitano, hata mahujaji hurudi. Bi Sundus akamwambia anywe chai yake. Baadaye, akisindikizwa na Kinsi hadi uani, Bi Jannat alimnong'oneza kwamba mama huyo hana ukaidi, ana hofu. Kinsi aliuliza hofu ya nini. Bi Jannat akainua mabega, akaenda zake.

Jumatano alasiri, siku moja kabla, Makokha alibisha hodi.

Kinsi alikuwa ametoka kazini mapema. Alimfungulia na hakumtambua mara moja; mtu alikuwa amekonda, na koti lake lilikuwa na vumbi jekundu la milimani. Tangu nyumba yake izame alihamia Dundori, akakodi shamba dogo la viazi, na kwa miaka yote hiyo hakukanyaga nyumba hiyo. Mkononi alishika ndoo nyeupe ya lita nne, yenye kifuniko. Rangi ilikuwa imeingia umanjano, lakini maandishi meusi yalisomeka kutoka mlangoni.

Bi Sundus alitoka jikoni akifuta mikono. Akaiona ndoo. Akakaa.

"Mathe, shikamoo," Makokha alisema. "Mara mbili nimefika hapo kwa kona nikarudi. Leo bibi yangu amenifukuza. Jepkorir amesema siwezi kulala na chombo ya watu kwa nyumba."

"Marahaba. Karibu mwanangu, keti."

Alikaa ukingoni mwa kiti, akaiweka ndoo miguuni mwa Bi Sundus na kuifungua. Ndani mlijaa viazi vyeupe, vidogo, vimeoshwa. Alieleza, kama anayeomba radhi, kwamba Musab alimfundisha hilo zamani kazini: kwenu chombo hakirudi kitupu.

Kisha akasimulia, na alisimulia akiitazama ndoo. Maji yalikuwa yamerudi nyuma kidogo mwaka huu, hata kuta za nyumba yake zikaanza kuonekana. Miezi miwili iliyopita alishuka kuona kama kuna mabati ya kuokoa. Mlango ulikuwa umeoza. Ndani, magadi meupe yalikuwa yamepanda ukutani hadi mahali ambapo maji yalifika, mstari mmoja ulionyooka kama wa fundi. Na juu ya mstari huo, kwenye boriti ya paa, ndoo ilikuwa imening'inia kwa kishikio chake kwenye msumari, kifuniko kimefungwa, ndani hamna kitu.

"Mimi niliiacha chini, kwa meza," alisema. "Sikuiweka huko juu. Na hakuna mtu mwingine aliingia hiyo nyumba."

Kwenye chupa ya achari samaki alikuja juu, akafungua mdomo, akarudi.

Makokha alisema sasa atasema yote. Siku ile hawakugawana mizigo. Walikuwa wamemaliza. Vitu vyote vilikuwa barabarani, kwenye nchi kavu, na Musab naye alikuwa barabarani, amevua buti anamwaga maji. Jua lilikuwa bado halijatua. Linah akaanza kulilia samaki wake aliyesahauliwa ndani. Musab akainuka. Makokha akamshika mkono, akamwambia aache, maji yamefika mapajani na viboko wanatoka saa hizo, samaki atanunuliwa mwingine.

"Miaka hii yote nimemwangalia huyo mtoto wangu nikisema, ni machozi yake," Makokha alisema. "Sijawahi kumwambia. Lakini si ukweli, mathe. Kwa sababu Musab alinijibu. Alikuwa anacheka. Akasema, 'Hata si samaki. Ni chombo ya mathe. Nimeambiwa nisirudi bila hiyo.'"

Yeye hakujua alichokisema. Kwake lilikuwa neno la mzaha, la mwisho la rafiki, ambalo alikuwa amelificha kwa haya na sasa amelitua. Kinsi alijua. Alihisi ule unga wa asubuhi ile, chupa ya chai ikiwa moto mkononi mwake, sauti ikitoka jikoni. Alitaka kumtazama mama mkwe wake na hakuthubutu. Akamwelewa Bi Jannat. Miaka mitano alidhani mwanamke huyu hasemi kwamba mwanawe amekufa kwa kuwa hajui. Kumbe alikuwa na maneno yake mwenyewe, matano tu, na kila siku alikuwa akiyaweka pembeni pamoja na ndoo ambayo haijarudi. Maadamu chombo hakijarudi, aliyetumwa bado yuko njiani.

Bi Sundus alivuta ndoo karibu. Akapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, kama anayejifunza kusoma.

"Aliiangika juu," alisema.

"Ndio mathe. Juu kabisa."

"Ili isilowe."

"Ndio."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akamuuliza Makokha kama binti hajambo, na anasoma darasa la ngapi, na kama viazi vya mwaka huu vimekubali. Akamlazimisha kula. Alipotaka kuondoka alimfungia mahamri kumi kwenye bakuli lenye kifuniko. Makokha alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama, na Kinsi akaona anavyoogopa.

"Hilo ni lako," Bi Sundus alimwambia. "Kaa nalo. Mwambie mtoto hakukosea kitu."

Jioni hiyo alivimenya viazi vyote, akavichemsha, akavipaka unga wa dengu na kuvikaanga, wakala wote wawili pamoja na Bi Jannat, ambaye alikuwa amesikia yote kupitia ukutani na kwa heshima akazungumzia viazi tu. Bi Sundus akaiosha ndoo mara tatu kwa maji ya moto na kuipangusa. Akaichukua sukari iliyokuwa ikihamahama kwa miaka mitano kutoka karatasi hadi mkebe hadi mfuko, akaimimina ndani, akafunika. Hakulia. Kinsi alingoja alie, mpaka usingizi ukamchukua akiwa bado anangoja.

Aliamshwa na maji. Ilikuwa alfajiri ya Alhamisi. Alisikia kikombe cha bati kikigusa dumu, kikimwaga, kikichota. Hakusikia hesabu. Alifikiri labda inasemwa kwa sauti ya chini zaidi, akakaa kitandani, akazuia pumzi. Chupa ya achari. Kioo cha taa. Jagi. Maji tu, na nyayo za kanda mbili kwenye saruji.

Alijitanda leso akatoka. Mwanga wa kwanza ulikuwa umeingia dirishani na mabaka yalikuwa yameanza kutetemeka kwenye mabati, hafifu. Bi Sundus alikuwa amefika mwisho. Alisimama mbele ya beseni la bluu na kikombe kilichojaa maji yaliyolala, mkono umenyooka, na hakumwaga. Maji ya beseni yalikuwa bapa kama kioo. Juu yake, ukutani, kile kipande cha karatasi chenye ujumbe wa mtu wa Mau Narok kilikuwa kimekunjamana kwa unyevu. Alisimama hivyo muda mrefu, mpaka tone moja likaangukia sakafuni.

Kinsi alisogea akasimama kando yake. Saa tatu wangekuwa kwa kadhi. Angeweza kumuuliza atakachosema huko. Angeweza kumuuliza kuhusu asubuhi ile na unga na ndoo, nao wangekuwa wawili wanaolijua jambo hilo kwa sauti. Jiwe lilikuwa bado kwenye ulimi wake, lakini aliuinua.

"Mama," alisema, "wako wangapi?"

Bi Sundus alikirudisha kikombe ndani ya sufuria, taratibu, bila kumwaga.

"Kumi na mmoja."